Stoo ya Mwanajeshi Aliye Safarini: Hakuna Mnada Bila Amri ya Mahakama

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya hamasisho yaliyoandaliwa kwa wakazi wa kaunti wenye watoto, wenzi na jamaa wanaohudumu katika majeshi ya Marekani.



Kuna swali linaloulizwa mara tu mada hii inapotajwa: sheria ya Marekani inaihusu nini serikali ya kaunti hapa Kenya? Jibu liko katika familia zenyewe. Mkenya mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu huko Marekani, ile inayoitwa grinkadi, anaruhusiwa kujiunga na majeshi ya nchi hiyo, na wapo waliopata uraia kwa njia hiyo. Kuna wakati hata Kiswahili kiliwafungulia watu mlango. Chini ya mpango ulioitwa MAVNI, ulioanza kutekelezwa mwaka 2009 na kuacha kupokea watu wapya mwaka 2016, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha ambazo jeshi lilizitafuta, na hata waliokuwa huko kwa viza ya masomo waliweza kusajiliwa. Kwa hiyo leo si ajabu kumpata mama kijijini ambaye mwanawe ni sajenti, na ambaye akiulizwa kijana yuko wapi, hutaja nchi moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao.

Hapo ndipo jambo lenyewe linapoanzia. Mwanajeshi akiagizwa kwenda Ujerumani, Korea Kusini, Djibouti, au hata Manda Bay hapa kwetu Lamu, hawezi kubeba kitanda, jokofu, masanduku ya vitabu na vyombo vya jikoni. Nyumba ya kupanga anairudisha, kwa maana kulipia nyumba tupu mwaka mzima ni hasara. Vitu anavipeleka stoo.

Stoo inayozungumziwa hapa si ile ya nyuma ya jikoni. Ni biashara kubwa huko Marekani: safu ndefu za vyumba vyenye milango ya bati, kila chumba na nambari yake, kila mpangaji na kufuli lake. Mtu hutia sahihi mkataba, hulipa kwa mwezi, na mara nyingi malipo hukatwa moja kwa moja kwenye kadi yake ya benki. Kampuni haijui kilichomo ndani wala haikihitaji. Inachohitaji ni kodi.

Kodi isipoingia, kampuni ina silaha moja kali: haki ya kuzuilia mali hiyo kama dhamana ya deni, na hatimaye kuiuza. Kila jimbo lina sheria yake kuhusu siku za kungoja na namna ya kutoa notisi, lakini mtiririko wake unafanana. Kampuni hutia kufuli lake juu ya kufuli la mpangaji, hutuma barua kwa anwani ya mwisho iliyo katika mkataba, hutangaza mnada, kisha mlango hufunguliwa na wanunuzi huchungulia na kutaja bei. Wanaotazama televisheni wameshaona vipindi vya minada hiyo, watu wakishangilia kilichomo ndani ya maboksi. Kisichoonyeshwa ni mwenye maboksi. Na katika mtiririko huo wote, kwa raia wa kawaida, kwa kawaida hakuna hakimu anayehusishwa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mwanajeshi, methali hiyo ingetimia kikamilifu kama si sheria. Kadi ya benki imeisha muda wake akiwa jangwani. Benki imetuma kadi mpya kwa anwani ya nyumba aliyoihama. Barua za kampuni zinafuata njia hiyo hiyo. Simu yake ya Marekani aliisimamisha ili asilipie bure. Miezi mitatu baadaye chumba kimeuzwa kwa bei ya kutupa, naye bado anaamini vitu vyake viko salama kwa kuwa funguo ziko mfukoni mwake.

Sheria inayozuia hilo inajulikana kwa herufi nne, SCRA, na tafsiri yake ya karibu ni Sheria ya Nafuu ya Kiraia kwa Wanajeshi. Si sheria ya jana. Mzizi wake ni sheria ya mwaka 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikafuatiwa na nyingine ya mwaka 1940, kisha ikaandikwa upya na kutiwa sahihi na Rais George W. Bush tarehe 19 Desemba 2003. Ni sheria ya serikali kuu, kwa hiyo iko juu ya sheria za majimbo kuhusu stoo. Kampuni haiwezi kujitetea kwamba ilifuata taratibu zote za Texas au za Florida.

Sehemu yake inayogusa stoo ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Inasema kwamba mtu yeyote anayezuilia mali ya mwanajeshi kwa sababu ya deni haruhusiwi kuiuza au kuitwaa wakati wote wa utumishi wa mwanajeshi huyo, na kwa siku 90 baada ya utumishi kwisha, isipokuwa awe amepata kwanza amri ya mahakama. Deni linaweza kuwa la stoo, la gereji iliyotengeneza gari, la dobi aliyesafisha nguo, au la sababu nyingine yoyote. Neno lenye uzito ni hilo “kwanza”. Amri inayotafutwa baada ya mnada haifai kitu.

Hesabu ya siku 90 ni vizuri ieleweke. Mwanajeshi akimaliza utumishi tarehe 1 Machi, ulinzi huu unaendelea kumfunika hadi tarehe 30 Mei. Hizo ni wiki za kutafuta nyumba, kutafuta kazi na kulipa madeni yaliyolimbikana. Si muda mrefu, na wengi huumaliza bila kujua kwamba wameupewa.

Kuna kosa moja linalorudiwa hata na wanajeshi wenyewe. Wanadhani ni lazima mtu awe vitani ndipo sheria imlinde. Sivyo. Kigezo ni utumishi wa kudumu kazini, si risasi. Mwanajeshi aliye kambini Texas, kilomita chache kutoka stoo yake, analindwa na sehemu hii sawa na mwenzake aliye ng'ambo. Wanaolindwa ni wa Jeshi la Nchi Kavu, la Majini, la Anga, la Anga za Juu, Wanamaji wa vita, na Walinzi wa Pwani. Askari wa akiba wanaingia pale wanapoitwa kazini na serikali kuu. Wale wa Walinzi wa Taifa, ambao kwa kawaida huwa chini ya gavana wa jimbo, wanaingia wakiitwa na serikali kuu, au wakiwa katika zamu ya zaidi ya siku 30 mfululizo iliyoidhinishwa na rais au waziri wa ulinzi na kulipiwa na serikali kuu kwa ajili ya dharura ya kitaifa.

Na ambaye hayumo ni mfanyakazi wa kandarasi. Hili lazima lisemwe wazi hapa Kenya, kwa kuwa Wakenya wengi waliofanya kazi katika kambi za Marekani Iraq na Afghanistan walikwenda kama wapishi, madereva, walinzi na mafundi walioajiriwa na kampuni binafsi. Walilala kambi moja na wanajeshi, walikula meza moja, lakini mbele ya sheria hii hawakuwa wanajeshi. Kijana aliye huko kwa kandarasi asitegemee SCRA kulinda chumba chake. Alipe kodi yake.

Je, kampuni ikisema haikujua kwamba mpangaji ni mwanajeshi? Sehemu ya stoo haimtaki mwanajeshi apeleke taarifa kwanza ndipo alindwe. Kampuni ndiyo inayotakiwa kuhakikisha kabla ya kuuza. Njia ipo na ni ya bure: Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina tovuti ambapo mtu huingiza jina la ukoo pamoja na tarehe ya kuzaliwa au nambari ya hifadhi ya jamii, kisha hupata cheti kinachoeleza kama mhusika yuko katika utumishi tarehe fulani. Ni kazi ya dakika chache. Kutojua kunaweza kumwokoa mwenye kampuni na jela, kwa maana kosa la jinai ni la anayevunja sheria huku akijua, na adhabu yake ni faini, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kutojua hakumwondolei wajibu wa kulipa fidia.

Fidia hiyo ina meno tangu mwaka 2010, bunge la Marekani lilipoandika wazi kwamba mwanajeshi anaweza kushtaki mwenyewe na kurudishiwa gharama za wakili, na kwamba Wizara ya Haki pia inaweza kushtaki. Adhabu ya kiraia iliyoandikwa wakati huo ilikuwa hadi dola 55,000 kwa kosa la kwanza na dola 110,000 kwa linalofuata, viwango ambavyo hupandishwa kufuata mfumuko wa bei.

Mfano wa mapema ulitoka Virginia. Baharia mmoja wa Jeshi la Majini alikuwa kazini ng'ambo wakati gari lake lilipovutwa kutoka mahali alipokuwa anaishi. Kampuni ya kuvuta magari ikajimilikisha na kuliuza bila kwenda mahakamani. Aliposhtaki, ubishi mkubwa ukawa kama sheria ya 2010 inamsaidia mtu ambaye gari lake liliuzwa kabla ya mwaka huo. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya serikali kuu iliamua kwamba inamsaidia. Gari si stoo, lakini kifungu kilichovunjwa ni kile kile kimoja.

Kesi ya stoo hasa ilitokea Massachusetts. Sajenti wa Jeshi la Anga alikuwa ametumwa ng'ambo, na vyumba vyake viwili vikapigwa mnada na kampuni ya uhifadhi bila amri ya mahakama. Wizara ya Haki iliingilia kati na kampuni ikalazimika kulipa. Kilichowagusa waliofuatilia si bei ya vitu. Ndani mlikuwa na nishani za kijeshi za jamaa yake na kabati lililokuwa la baba wa babu yake. Fedha ililipwa, vile vingine vilikuwa vimekwisha kwenda kwa watu wasiojulikana, na hakuna hukumu inayovirudisha.

Kwa Mkenya, tuongeze kitu cha tatu katika orodha ya vitu hivyo: hatimiliki ya shamba. Kuna vijana walionunua ploti huku nyumbani wakiwa likizo, wakarudi Marekani na makaratasi yao kwenye mkoba, na wakati wa kuhama mkoba ukaingia boksi na boksi likaingia stoo. Pamoja nao cheti cha uraia, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na picha za mazishi ya baba. Ushauri wa kwanza hauhitaji wakili: karatasi za aina hiyo zisiwekwe stoo kabisa.

Baada ya kueleza kinachozuiwa, ni haki kueleza kisichozuiwa. Sheria hii haifuti deni. Kodi inaendelea kuhesabika mwezi baada ya mwezi, na kampuni ina haki ya kudai. Inachokatazwa ni kujihukumia yenyewe. Ikitaka kuuza, iende kwa hakimu. Huko hakimu anaweza kusimamisha shauri kwa muda atakaoona ni wa haki, au kubadilisha masharti ya malipo ili pande zote zisiumie. Na mwanajeshi mwenyewe akiomba, na ikaonekana kwamba utumishi ndio uliomfanya ashindwe kulipa, hakimu analazimika kufanya mojawapo ya hayo mawili.

“Ikaonekana” ndipo watu wanapoteleza. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba sheria hii isomwe kwa ukarimu kwa manufaa ya aliyeacha shughuli zake kwenda kulitumikia taifa. Maneno hayo hunukuliwa sana. Kinachosahaulika ni kwamba katika kesi ile ile mwanajeshi alishindwa. Alikuwa kapteni mwenye kazi ya ofisini Washington, na mahakama ikaona kwamba hakuna kilichomzuia kufika mahakamani North Carolina. Kwa maneno mengine, sare peke yake haitoshi kuahirishiwa kesi. Mwenye mshahara unaoingia kila mwezi na intaneti kambini, ambaye ameacha tu kulipa, atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza mbele ya hakimu. Kampuni bado haikuwa na ruhusa ya kuuza bila amri. Lakini amri inaweza kupatikana.

Kama kampuni imeshtaki na mwanajeshi hakufika, bado kuna kizuizi kingine. Mdai hawezi kupewa hukumu ya upande mmoja bila kuwasilisha hati ya kiapo inayosema kama mshtakiwa ni mwanajeshi au la. Ikionekana ni mwanajeshi, mahakama lazima imteulie wakili kabla ya hukumu, na shauri linaweza kusimamishwa kwa muda usiopungua siku 90. Mwanajeshi aliyepata taarifa ya kesi naye anaweza kuomba siku 90, akiambatisha barua ya kamanda wake inayothibitisha kwamba kazi inamzuia na kwamba likizo haipatikani kwa sasa.

Kuhusu kuvunja mkataba wa stoo mapema, hapa pana tofauti na nyumba. SCRA inamruhusu mwanajeshi aliyepata amri ya uhamisho kuvunja mkataba wa nyumba ya kuishi, au wa gari alilokodi, kwa masharti yake. Stoo ya vitu vya nyumbani haikutajwa kwa jina katika kifungu hicho. Busara ni kusoma mkataba wa stoo kabla ya kutia sahihi na kuuliza kama una kipengele cha wanajeshi. Kampuni nyingi zilizo karibu na kambi zinajua swali hilo.

Vilevile mikataba mingine ina mstari mdogo unaosema mpangaji anakubali kusamehe haki zake chini ya SCRA. Mstari kama huo hauwezi kufichwa tu ndani ya mkataba. Ili mwanajeshi aonekane amesamehe haki hii, lazima awe ametia sahihi karatasi ya peke yake, nje ya mkataba wa stoo, wakati akiwa tayari katika utumishi au baada yake, na maandishi yake yasiwe madogo kupita kiasi. Sheria imetaja hata ukubwa wa herufi, pointi 12. Ni mara chache bunge la nchi yoyote hujishughulisha na ukubwa wa herufi, na hilo linaonyesha jinsi wabunge walivyojua hila za mikataba.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo familia huku nyumbani zinaweza kufanya, na la kwanza ni jina.

Ule uchunguzi wa tovuti hutafuta jina la ukoo kama lilivyo jeshini. Mkenya ana majina matatu, wakati mwingine manne. Jeshini anaitwa kwa jina la babake. Kwenye mkataba wa stoo ameandika jina la ubatizo na la kati kwa sababu ndivyo rafiki zake wanavyomjua. Kampuni ikitafuta kwa jina hilo, jibu litakuja kwamba hakuna mtu kama huyo katika utumishi, na mnada utaendelea. Mara nyingine mambo huwa mabaya zaidi: chumba kimekodiwa kwa jina la binamu anayeishi mji huo, kama msaada wa kindugu. Kwa maandishi ya sheria, kinacholindwa ni mali ya mwanajeshi, kwa hiyo anaweza baadaye kubishana kwamba vitu vilikuwa vyake. Lakini huko ni kubishana baada ya vitu kuondoka. Kampuni itachunguza jina lililo kwenye mkataba, na binamu si mwanajeshi. Ni undugu mzuri uliowekwa mahali pabaya. Mkataba uwe kwa jina la mwanajeshi mwenyewe, limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha kazi, na binamu aandikwe kama mtu wa kupigiwa simu.

La pili ni taarifa za chumba chenyewe. Mzazi au mke aliye huku anaweza asijue hata mji ambamo stoo ipo. Inatosha kuwa na karatasi moja nyumbani: jina la kampuni, mji na jimbo, nambari ya chumba, siku ya kulipa, na kadi inayotumika inaisha muda lini. Kadi ya benki iliyokwisha muda ni adui wa kimya. Hakuna anayegombana na mwingine, malipo hukataliwa na kompyuta usiku.

Na kabla ya hayo yote, mwanajeshi aulize ofisi ya usafirishaji kambini. Katika aina fulani za uhamisho na safari, jeshi lenyewe hugharamia uhifadhi wa vitu vya nyumbani. Kuna wanaolipia stoo kwa mfuko wao miezi mingi huku haki ya kuhifadhiwa ikiwa kwenye amri yao ya safari.

Taarifa ya mnada ikiifikia familia, haraka ni muhimu kuliko hasira. Mwanajeshi aambiwe siku hiyo hiyo, aende ofisi ya msaada wa sheria ya kambi yake, ambako wanasheria wa jeshi humhudumia bila malipo. Barua yenye nakala ya amri ya utumishi na kile cheti cha tovuti hutosha mara nyingi kusimamisha mnada, kwa kuwa kampuni yenye wakili mzuri haitaki kesi hii. Ikikataa, Wizara ya Haki inapokea malalamiko kupitia tovuti yake ya wanajeshi, servicemembers.gov.

Je, familia yenyewe inaweza kwenda mahakamani? Sheria inawaruhusu wategemezi kuomba ulinzi ikiwa utumishi wa mwanajeshi umewafanya washindwe kutimiza wajibu wao wa malipo. Mtegemezi ni nani? Mke au mume, na mtoto, hao wanajulikana. Lakini kuna aina ya tatu: mtu yeyote ambaye mwanajeshi amekuwa akimpa zaidi ya nusu ya matumizi yake kwa siku 180 kabla ya maombi. Mama mjane anayetegemea pesa za M-Pesa zinazotumwa na mwanawe kila mwezi anaweza kuangukia hapo, akiwa na ushahidi. Kwa hiyo taarifa za M-Pesa na risiti za kutumiwa fedha zisitupwe.

Jambo hili la kutuma na kupokea fedha linaleta tahadhari moja ambayo haiwezi kurukwa. Matapeli wamelijua neno “mwanajeshi wa Marekani” na neno “stoo” muda mrefu. Mtu hujitambulisha mtandaoni kama kapteni au daktari wa jeshi aliye Syria, huanza mapenzi, kisha husema ana sanduku la fedha au dhahabu katika stoo, linahitaji dola mia kadhaa za ada ili litoke. Jeshi la Marekani limeonya mara nyingi kuhusu utapeli wa namna hii. SCRA haina ada. Cheti cha utumishi ni bure, wakili wa kambi ni bure, na hakuna mwanajeshi wa kweli anayemhitaji mgeni aliye Kenya kumlipia stoo ili apate fedha zake. Anayeombwa pesa ya namna hiyo apige ripoti kituo cha polisi, asione haya.

Tofauti nyingine ya kuzingatia: SCRA ni sheria ya Marekani juu ya wanajeshi wa Marekani. Familia za wanajeshi wetu wa KDF, pamoja na wale waliohudumu Somalia tangu mwaka 2011, zisiipeleke kwa landilodi wa mtaani zikitarajia dalali arudi nyuma. Huku nyumbani deni la kodi ya nyumba hushughulikiwa chini ya Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, Sura ya 293, kupitia dalali mwenye leseni. Mke wa mwanajeshi wa KDF anayetishiwa na dalali aombe kwanza kuona leseni na karatasi za kazi hiyo, kisha atafute wakili mapema, kabla vyombo havijapakiwa kwenye lori.

Na kwa wale ambao wana mwana au binti anayejiandaa kuondoka hivi karibuni, waambieni aandike hati ya uwakilishi kambini kabla ya safari, akimpa mtu anayemwamini aliye Marekani uwezo wa kulipa, kufungua na kuhamisha vitu vya stoo. Hati iliyotayarishwa na wanasheria wa jeshi inatambuliwa katika majimbo yote ya huko, hata kama haikufuata fomu ya jimbo husika. Hati hiyo haiuzi wala kuhamisha shamba lililo hapa Kenya. Kwa ardhi ya hapa, inahitajika hati ya uwakilishi inayofuata sheria za Kenya na kusajiliwa, na ni vyema izungumzwe na wakili wa hapa kabla kijana hajapanda ndege.